Gumzo la Majirani wa Kijenge, Arusha: Balogun Katolewa Mkopo

JUMATANO, 3 AGOSTI 2022

Mama Glory: Majirani, habari za jioni. Tukumbushane, Sensa ni tarehe 23 mwezi huu. Kila mkuu wa kaya aandae majina na umri wa wote watakaolala kwake usiku wa kuamkia siku hiyo. Wapangaji nanyi mnahesabiwa, msione haya kujitokeza.

Baba Junior: Tumepokea mama.

Baba Junior: Jamani Arsenal wametangaza. Balogun, yule mshambuliaji wao kijana, katolewa kwa mkopo. Anaenda Reims, Ufaransa, msimu mzima.

Bonny Boda: Nani???

Bonny Boda: Hapana aisee. Mtoto wamemlea wenyewe tangu mdogo, mwaka jana tu Aprili kasaini mkataba mrefu, leo anapelekwa timu iliyomaliza ya 12 kwao

Baba Junior: Bonny, angecheza wapi? Gabriel Jesus kaja kutoka Manchester City na Jumamosi kawapiga Sevilla tatu peke yake. Nketiah kaongezwa mkataba na kapewa jezi namba 14. Huyu wa tatu angesugua benchi mpaka suruali itoboke.

Bonny Boda: Basi wangemuacha acheze Ligi ya Europa. Mabao yake mawili ya Arsenal yote kafunga Europa, Molde na Dundalk, nimeyaona kwa macho yangu hapo bandani kwako

Baba Junior: Na Brentford je? Unakumbuka ile Ijumaa ya Agosti mwaka jana? Lacazette mgonjwa, Aubameyang mgonjwa, mtoto wa miaka 20 anaanzishwa mechi ya kwanza ya ligi, ugenini, mashabiki wamerudi uwanjani baada ya korona wanapiga kelele kama mvua ya bati. Tukafungwa 2-0. Mimi niliumia kwa ajili yake. Hata mpira haukumfikia.

Bonny Boda: Ndo nachosema. Mechi moja mbaya wamemfunga nayo. Kutolewa mkopo ni kufukuzwa kwa adabu bro, wala tusidanganyane. Wakikutaka hawakuazimi. Nani anaazima sufuria analopikia kila siku?

Dada Rehema: Samahani jamani, mimi wa United naomba kuuliza. Mkopo huu maana yake nini hasa? Mshahara analipa nani?

Kocha Side: Rehema, mchezaji anabaki mali ya timu yake, mkataba wake uko palepale. Timu inayomchukua inamtumia kwa muda waliokubaliana. Mshahara wanapatana, mara nyingine timu inayomchukua inalipa wote, mara nyingine wanagawana. Muda ukiisha anarudi, isipokuwa kama waliandikiana kipengele cha kumnunua.

Kocha Side: Na mwaka huu FIFA wameweka kanuni mpya kuanzia Julai 1. Zamani timu kubwa zilikuwa zinajaza wachezaji kama ghala la mahindi, wanawatawanya nchi za watu kwa mkopo hata thelathini. Sasa mwisho ni wanane wa kwenda nje ya nchi, na wanapunguzwa mpaka wafike sita. Mkopo hauzidi mwaka mmoja. Lakini wenye miaka 21 kushuka chini na waliokuzwa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Balogun ana 21 na kakulia Arsenal, kwa hiyo huyu katolewa ili acheze. Hawakuwa na haja ya kupunguza idadi.

Dada Rehema: Asante kocha, sasa nimeelewa.

Bonny Boda: Kocha nakuheshimu sana ila tuongee ukweli. Samatta akiwa Aston Villa kafunga Wembley Machi 1, 2020, fainali ya Kombe la Ligi England, mbele ya City. Nchi nzima tulilia. Septemba mwaka uleule yupo Uturuki kwa mkopo. Amecheza tena Villa? Hajacheza. Farid Mussa na Chilunda wametoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania, wote wamerudi nyumbani. Mkopo ni mlango wa kutokea

Mzee Msafiri: Majirani, hamjambo.

Bonny Boda: Shikamoo mzee

Baba Junior: Shikamoo mzee.

Mzee Msafiri: Marahaba wanangu. Nimesikia Reims inaitwa timu iliyomaliza ya 12. Nimeshindwa kukaa kimya. Nilifundisha historia miaka 31 na mpira nausoma vilevile. Reims ni mabingwa wa Ufaransa mara sita. Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la Ulaya la vilabu, mwaka 1956, walicheza wao na Real Madrid, wakafungwa 4-3. Wakarudi tena fainali 1959, Madrid hao hao. Watu wamesahau kwa sababu ubingwa wao wa mwisho ni wa 1962.

Mzee Msafiri: Na kuna jambo Bonny nataka ulisikie vizuri. Kombe la Dunia la 1958, Sweden. Ufaransa walikuwa na mshambuliaji wa Reims anaitwa Bliard. Akaumia kabla ya mashindano. Aliyepewa nafasi yake ni mwenzake wa Reims, Just Fontaine, mzaliwa wa Marrakech. Fontaine viatu vyake vikachanika mazoezini. Akaazima njumu za mchezaji wa akiba, Bruey, kwa sababu miguu yao ililingana. Kwa njumu hizo za kuazima akafunga mabao 13 katika mashindano yale. Mpaka leo hakuna aliyefikia idadi hiyo kwenye Kombe la Dunia moja.

Baba Junior: 13!

Kocha Side: Mzee hiyo nitawasomea vijana kesho mazoezini.

Mzee Msafiri: Wasomee. Hakuwa chaguo la kwanza, na viatu havikuwa vyake.

Bonny Boda: Sawa mzee nimekusikia. Lakini hiyo ni 1958. Sasa hivi ukiona timu yako imekupeleka mkopo ujue hawakuoni. Mimi ningekuwa mchezaji ningekataa

*Ema ameondoka kwenye kikundi*

Dada Rehema: Ema kajitoa?

Baba Junior: Labda kabonyeza vibaya.

Mama Ema: Hajabonyeza vibaya.

Mama Ema: Majirani zangu naomba mnisikilize, sikupanga kuyaandika haya leo. Jumamosi Ema ameitwa na viongozi wa timu yake. Wamemwambia msimu huu hawana nafasi yake, washambuliaji wapo wanne na yeye ni wa nne. Anapelekwa kwa mkopo Mbeya, timu ya daraja la chini. Tangu arudi hajala vizuri. Kila nikimuuliza anasema mama nimeshiba. Alikuwa hajamwambia mtu kwa sababu anaona aibu, mtaa mzima mlijua amesajiliwa timu kubwa, mlimchangia hadi nauli ya kwenda kwenye majaribio. Sasa ameyasoma haya hapa, amekaa nje kwenye ngazi gizani. Bonny sikulaumu mwanangu, hukujua.

Bonny Boda: Mama

Bonny Boda: Mama nisamehe sana. Sikujua kabisa. Naja hapo

Mama Ema: Njoo.

Kocha Side: Mama Ema, huyu mtoto nimempokea uwanjani ana miaka tisa, anacheza pekupeku. Naomba niseme kama kocha. Mwaka jana amecheza dakika ngapi? Nilimfuata Sheikh Amri Abeid mara nne, mara nne nikamuona anapasha tu pembeni na kizibao. Mshambuliaji anakula dakika. Bao haliji kwa kufikiria, linakuja kwa kukosa mara kumi kwenye mechi halali, beki wa kweli anakuumiza kisigino, mashabiki wanakuzomea, halafu ya kumi na moja inaingia. Benchi halifundishi hilo. Angekuwa mwanangu wa kumzaa ningemwambia aende.

Kocha Side: Na mtazameni Saliba, yule beki. Arsenal walimnunua 2019, wakamrudisha Saint-Étienne hapo hapo kwa mkopo, kisha Nice, kisha Marseille, zote za Ufaransa. Miaka mitatu hajagusa mechi moja ya Arsenal. Kila mtu alisema wamemtupa. Msimu uliopita kachaguliwa chipukizi bora wa ligi ya Ufaransa, na Ijumaa hii tunamtegemea aanze.

Mzee Msafiri: Mama Ema, umefanya vyema kusema. Jambo kama hili likikaa ndani ya nyumba moja linakuwa zito kuliko lilivyo.

Mama Glory: Mama Ema pole sana. Nawarudisha nyote kwenye jambo la maana, anaondoka lini na anahitaji nini?

Mama Ema: Jumanne alfajiri, baada ya Nane Nane. Basi linapita Babati na Dodoma. Mahitaji sijui niseme nini, njumu zake zimeachia soli. Na Mbeya mwezi huu baridi.

Baba Junior: Njumu niachieni mimi. Kesho nashuka Kilombero kwenye mitumba, kuna jamaa huwa ananiwekea nzuri. Anavaa namba ngapi?

Mama Ema: 42.

Dada Rehema: Sweta na blanketi natoa mimi. Lipo zito, zuri, halijatumika.

Mama Glory: Nauli tuchange, kila nyumba inachoweza, nitumieni mimi kwa simu kama kawaida. Nitaandika majina.

*Bonny Boda amemwongeza Ema*

Ema: Shikamooni wakubwa zangu. Samahani kwa kutoka.

Mzee Msafiri: Marahaba mwanangu. Karibu nyumbani.

Ema: Bonny tumeongea, tuko sawa. Nawashukuru wote. Kocha nimesoma uliyoandika. Ile ya kizibao ni kweli, nilikuwa nakuona jukwaani nageuza uso.

Kocha Side: Nilijua. Kesho saa 12 asubuhi uwanjani, mimi na wewe na mipira kumi. Mguu wa kushoto.

Ema: Nitakuwepo kocha.

IJUMAA, 5 AGOSTI 2022

Baba Junior: Palace na Arsenal saa 4 usiku. Banda litafunguliwa saa 3. Ema leo hulipi kiingilio.

Bonny Boda: Gooool Martinelli!!!

Bonny Boda: Saliba jamaniiii, huyu beki alikuwa wapi

Kocha Side: Alikuwa mkopo.

Baba Junior: Mpira umekwisha. Arsenal tumeshinda 2-0. Saliba kacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kama mtu aliyecheza pale nyuma miaka kumi.

JUMAPILI, 7 AGOSTI 2022

Mama Glory: Nauli imetimia na imebaki ya chakula njiani. Majina nimeyaweka kwenye daftari, Mama Ema atayaona. Asanteni sana majirani.

Baba Junior: Njumu zimepatikana, 42, soli imara kabisa. Nimeziosha na kuzipaka mafuta.

Ema: Zimenikaa vizuri sana baba. Nimezijaribu na kocha leo, kushoto kumeanza kutii.

Bonny Boda: Leo Marseille na Reims, saa 3:45 usiku. Nimemuomba Baba Junior atuwekee hiyo badala ya ile nyingine. Ema njoo tumwangalie

Dada Rehema: Mimi pia nakuja, sikuwahi kuangalia ligi ya Ufaransa.

Baba Junior: Reims wana pengo pale mbele, Ekitike kaenda PSG mwezi uliopita, na huyo msimu uliopita kawafungia mabao kumi kwenye ligi. Kwa hiyo Balogun hajaenda kuwa mgeni wa heshima, kuna kazi inamsubiri.

Bonny Boda: Balogun yupo benchi

Bonny Boda: Wanafungwa hawa. Tavares kafunga, huyu naye ni wetu, Marseille wamemchukua mkopo wiki iliyopita tu

Mzee Msafiri: Mtoto kaingia?

Bonny Boda: Kaingia mzee, kipindi cha pili

Bonny Boda: GOOOOOOL

Bonny Boda: BALOGUN!!! BALOGUN KAFUNGA

Dada Rehema: Hapa banda zima limesimama, na timu yenyewe inafungwa nne!

Mzee Msafiri: Nimewasikia mpaka kwangu. Ni ngapi?

Baba Junior: 4-1 mzee. Bao la kufutia machozi. Mechi ya kwanza, katoka benchi, ugenini Marseille, uwanja unaunguruma. Nimeona alivyokimbilia nafasi hata kabla mpira haujapigwa. Mtu aliyekata tamaa hakimbii vile.

Kocha Side: Ema umeona alivyomuacha beki? Kamtazama begani, kasubiri ageuze kichwa, ndipo akaondoka.

Ema: Nimeona kocha. Nimeirudia kichwani mara nyingi.

Bonny Boda: Nimekosea kuhusu huyu mtoto na naandika hapa mbele ya wote. Ema ukifunga la kwanza kule Mbeya, hata mkiwa mmefungwa nne, piga simu muda huohuo. Hata kama niko na abiria nitasimama

Ema: Nitapiga wewe kwanza, halafu mama.

Mama Ema: Mama kwanza.

Ema: Mama kwanza.

JUMATATU, 8 AGOSTI 2022

Mama Ema: Ndugu zangu, leo mchana karibuni kwangu, nimepika pilau kidogo tumuage. Mzee Msafiri ataomba dua.

Mzee Msafiri: Nitafika mwanangu. Nina daftari tupu nataka nimpe. Kila mechi aandike dakika alizocheza na alichojifunza, akirudi mwakani tulisome pamoja.

Ema: Asante sana mzee. Nitaandika kila mechi.

Kocha Side: Hata zile utakazokaa benchi, Ema. Hizo andika ulichokiona.

Ema: Sawa kocha.

Bonny Boda: Kesho stendi nampeleka mimi, hela sitaki. Basi linaondoka saa 11, kwa hiyo saa 10 kamili niko getini

Mama Ema: Bonny usipige honi, bibi yake amelala chumba cha mbele. Gonga tu bati, tutakuwa macho.