Wauzaji wa vipima betri: kama ni waya mbili, andikeni waya mbili

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, mnivumilie.

Ukitafuta kifaa cha bei nafuu cha kupima ukinzani wa ndani wa betri (kiasi betri yenyewe inavyozuia mkondo), utaletewa vitu vitatu tofauti kabisa na vyote vitaitwa jina moja. Kuna kile cha gari chenye klipu nyekundu na nyeusi, kinachosoma CCA (ampea za kuwashia gari kwenye baridi). Kuna chaja ya seli yenye matundu manne na kioo kinachoandika mR, yaani miliomu (elfu moja ya omu). Na kuna kiboksi chenye waya nne zinazoonekana kwa nje. Hapo kwenye waya nne ndipo watu wanapigwa mchana kweupe, na muuzaji ukimbana anajibu "kinapima tu kaka, wengi wamechukua".

Kinapima nini? Tuweke hesabu mezani. Seli nzima ya 18650 (ile ya lithiamu ya duara, kama za laptopu) ya kazi nzito ina miliomu 12 hadi 20. Samsung 25R kiwandani imeandikiwa isizidi 18 kwa AC (mkondo wa kupishana) ya kHz 1. Betri kavu ya UPS ya 12V 7Ah ikiwa mpya iko kwenye ishirini na ushee, AGM (betri ya risasi iliyozibwa) ya 100Ah iko kwenye 4 hadi 6, na zile seli kubwa za lithiamu za LiFePO4 za 280Ah zinatakiwa ziwe chini ya 0.25. Sasa chukua waya wa shaba wa 0.3 mm², urefu mita moja ukijumlisha kwenda na kurudi. Tayari una miliomu 57 kabla hujagusa betri yoyote. Ongeza klipu yenye kutu kidogo. Kifaa cha waya mbili kinapima waya zake chenyewe, betri inakuja kama chenji.

Ndiyo sababu ya waya nne: mbili zinapeleka mkondo, mbili zinasoma volti palepale kwenye kichwa cha betri. Hizi za volti hazipitishi mkondo wa maana, kwa hiyo urefu wake hauharibu jibu.

Na hapa ndipo wizi ulipo. Vua plastiki ya klipu utazame ndani. Klipu halali ina taya mbili zisizogusana kiumeme, moja ya mkondo na moja ya volti, na kwenye pini ya katikati kuna bushi ya plastiki inayozitenganisha. Kwenye hizi feki waya zote mbili zimechomelewa taya moja, taya ya pili haina kitu, na springi ya chuma inaziunganisha. Urefu wa waya umeondoka kwenye hesabu, sawa, lakini mguso wa klipu umebaki ndani, na kwa seli ya 0.25 mguso peke yake unaweza kuizidi seli yenyewe. Nyingine ni mbaya zaidi: waya nne unazoziona zinaungana ndani ya plagi. Mbili ni za mapambo.

Kuigundua ni kazi ya dakika moja, ifanye dukani kabla hujatoa hela. Chomoa plagi kwenye kifaa. Bana kipande cha karatasi kati ya taya. Weka multimita kwenye mlio, gusa taya hii na hii. Ikilia, rudisha.

Vya gari sivilaumu kama vifaa, nalaumu mnavyoviuza. Kile kinapima upitishaji wa betri ya risasi, kisha programu yake inabashiri afya kwa kulinganisha na CCA uliyoiingiza mwenyewe. Kwa betri ya kuwashia gari kinasaidia. Kwa betri ya sola ambayo stika yake haina CCA popote, unaingiza namba ya kubuni: ukiweka 300 inatoka nzima, ukiweka 800 inatoka mbovu, na betri ni ileile. Tena kifaa kinakula umeme wa betri inayopimwa, kwa hiyo kwenye seli ya 3.7V hakiwaki kabisa. Halafu tangazo linasema "betri aina zote"!

Chaja za matundu nazo zinapima kwa DC (mkondo wa mwelekeo mmoja) kupitia springi ya kuteleza. Toa seli, irudishe, usome tena: namba inaruka miliomu kumi au ishirini bila seli kubadilika. Ukiizungusha kidogo kwenye tundu inaruka tena. Kwa kuchambua seli za laptopu zilizokufa kabisa, haya. Kwa kupanga seli za paki moja, hapana. Na jibu la DC halilingani na namba ya kiwandani ya AC kHz 1. Mzigo wa DC unaingiza pia ucheleweshaji wa kemia ndani ya seli, hivyo jibu linakuwa kubwa zaidi hata kwa seli nzima. Usiitupe seli kwa kulinganisha namba mbili zisizo ndugu.

Na tafadhali, asije mtu hapa kushauri kuweka multimita kwenye omu na kugusa betri. Unaweza kuharibu kifaa, na jibu halitakuwa na maana.

Chenye nafuu kinachofanya kazi kipo. YR1035+ au RC3563: waya nne halisi, AC ya kHz 1, volti hadi 100. Kwa kawaida vinauzwa makumi ya dola, si mamia. Hioki BT3554 ni ya wenye mitambo ya UPS, tuwaachie wao. Ukikipata, usiamini stika, kipime kwa shunti ya ammita (kipande cha chuma chenye ukinzani unaojulikana). Shunti ya 100A/75mV ni miliomu 0.75, ya 50A/75mV ni 1.5. Mkondo kwenye boliti kubwa, volti kwenye skrubu ndogo. Kama klipu zako haziruhusu kutenganisha, bana kwenye boliti kubwa na ukubali jibu lizidi kidogo. Lakini likisoma 4 au 5, hicho ni cha kurudisha.

Sifuri iwekwe kila unapobadili waya, pini zote zikiwa zimekandamizwa kwenye kipande kinene cha shaba. Chini ya miliomu 1 hata mkao wa waya unabadilisha jibu, kwa hiyo zisokote pamoja na uziweke mbali na vyuma. Gusa kichwa chenyewe cha betri, siyo boliti wala nati. Vichwa vya alumini vipigwe msasa laini kwanza. Seli zipumzike baada ya kuchajiwa, ziwe na chaji inayolingana na joto moja. Seli iliyopimwa Makambako asubuhi ya Julai itaonekana mbovu kuliko pacha wake aliyepimwa Dar mchana.

Asiye na hela ya kifaa atumie rizista ya omu 2.2 ya wati 10 na multimita inayosoma volti hadi desimali tatu. Soma volti bila mzigo, unganisha rizista, soma tena baada ya sekunde 2, proba zikiwa kwenye seli yenyewe na siyo kwenye springi ya kishikio. Mfano: 3.942 ikashuka 3.846. Mkondo ni 3.846 ÷ 2.2, yaani 1.748A. Tofauti ni 0.096V. Gawanya: miliomu 55. Hiyo ni DC, linganisha na vipimo vingine vya DC tu.

Duka_la_Sola: Mkuu umetushukia sana. Mteja anakuja na elfu thelathini anataka kipima ukinzani. Nimfukuze?

Mleta uzi: Usimfukuze. Mwuzie hicho cha gari na umwambie ni cha betri ya gari. Au mwuzie rizista mbili na umwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi. Ninacholalamikia ni stika, siyo bei.

Mzee wa Paki: Naongezea moja. Hata kwa kifaa halali, ukinzani mdogo si ushahidi wa ujazo. Seli inaweza kusoma vizuri na bado imepoteza Ah zake, au inavuja chaji ikiwa imekaa. Zipange kwa ukinzani kwanza, kisha zichaji, zikae wiki mbili, upime volti. Iliyoshuka kuliko wenzake itoe. Waliobaki ndio wa kupima ujazo kwa kuwamaliza chaji.

Inveta_Kijijini: Mimi nina benki ya 48V, betri nne za 12V. Namba zinachezacheza kwenye kioo, hazitulii. Kifaa kibovu?

Mleta uzi: Huenda si kifaa mkuu. Zima inveta, kata chaja na sola, kisha upime. Mawimbi ya inveta yanaingia kwenye kipimo. Halafu usipime benki nzima kwa mpigo, pima kila 12V peke yake, kichwa kwa kichwa. Ukishamaliza pima na kila kiungo: proba moja kwenye kichwa cha betri hii, nyingine kwenye kichwa cha betri inayofuata, waya wa kuunganisha ukiwa katikati. Kiungo kinachosoma mara mbili au tatu ya wenzake kina nati iliyolegea au kutu chini ya lagi (kichwa cha waya kinachofungwa kwa nati). Kata umeme, fungua, safisha, kaza, rudia kupima kabla hujalaumu betri yoyote.