Nimepaka limao usoni wiki tatu, mashavu yamekuwa meusi na yanachoma. Msaada jamani

Binti wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mimi binti wa miaka 24, ngozi yangu ya mafuta, chunusi zilianza toka niko form three na zikipona zinaacha madoa meusi mashavuni. Mwezi uliopita nikasema basi niachane na vitu vya dukani nirudi kwenye asili, nikawa nachanganya limao na asali napaka asubuhi nakaa nusu saa nanawa halafu huyo naenda kwenye biashara (nauza nguo, niko juani toka saa tatu mpaka jioni), usiku napaka mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe. Wiki ya kwanza uso uling'aa nikafurahi sana, sasa hivi mashavu meusi kama yameungua, nikinawa hata na maji matupu yanachoma, na kwenye paji la uso vimejaa vichunusi vidogo vidogo ambavyo sikuwa navyo. Nimekosea wapi wakati ni vitu vya asili vitupu? Na kama kuna vyakula vya kula ngozi itulie naomba mnitajie, maana hela ya kwenda kwa daktari wa ngozi kwa sasa sina.

Kaka Ubungo
Pole dada. Kunywa maji lita tano kwa siku na ule papai kila asubuhi, sumu zote zitatoka, mimi ndio ilinisaidia.

Nesi wa Moshi
Pole sana mdogo wangu, na acha hilo limao leo hii, usisubiri kesho. Limao ni kali, uchachu wake umezidi ule wa ngozi mara nyingi sana, na zaidi ya hapo lina kitu ndani yake ambacho kikikutana na jua kinaunguza ngozi kabisa, hata ukiwa umenawa kinaweza kuwa kimeshaingia. Ndio maana umepaka asubuhi ukaenda kukaa juani na mashavu yakaungua. Hata wakina mama wanaokamua ndimu nyingi kwenye sherehe halafu wakashinda juani huwa tunawaona wana mabaka meusi mikononi. Ule mng'ao wa wiki ya kwanza ilikuwa ni ngozi ya juu inachubuka.

Mafuta ya nazi ni mazuri kwenye miguu na mikono mikavu, ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevunyevu unapaka, lakini uso wenye mafuta na chunusi yanaziba vitundu, hivyo vipele vya kwenye paji naamini vimetoka huko.

Kaka Ubungo papai ni sawa kabisa ila lita tano ni nyingi bila sababu, kazi ya kutoa uchafu mwilini ni ya figo na ini, ukinywa ukaona mkojo una rangi ya njano hafifu inatosha.

Swali langu kwako mdogo wangu, kabla ya limao ulikuwa unapaka nini? Niambie ukweli, hapa hakuna wa kukusema.

Binti wa Mbagala
Asante sana dada. Kabla nilikuwa napaka mafuta ya karoti, yameandikwa ni ya asili kabisa, nilinunua duka moja ya kupima kwenye kikopo hayana hata karatasi ya maelezo. Niliyapaka kama miezi minne, chunusi zilikauka na nikawa mweupe kidogo, nilipoacha ndio zikarudi kwa fujo nikakimbilia limao.

Nesi wa Moshi
Nilihisi. Sikiliza vizuri hapa maana hili ndio kubwa kuliko limao. Karoti ukiipaka haikufanyi mweupe ndani ya miezi minne. Kitu kinachokausha chunusi haraka, kinang'arisha, halafu ukiacha zinarudi kwa fujo na uso mwekundu unawasha, mara nyingi kina dawa za stiroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi, kama klobetasoli au betamethasoni, na mikorogo mingine ina haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki, na zebaki inaharibu figo. Siwezi kusema chako kina nini kwa sababu hakina karatasi, na hapo ndipo penye hatari, na wewe mwenyewe huwezi kujua. Usiyarudie hata uso ukikusumbua vipi.

Kwa sasa uso wako unahitaji kupumzika. Nawa mara mbili kwa siku na sabuni laini isiyo na manukato, usisugue na dodoki, hakuna skrabu ya sukari wala dawa ya meno juu ya chunusi. Mshubiri sawa, ila ute mweupe wa ndani tu, yale maji ya njano ya karibu na ganda yanawasha, acha yachuruzike kwanza, na jaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla ya usoni. Kazini vaa kofia pana au mwamvuli, ukipata losheni ya kukinga jua iliyoandikwa SPF 30 (hicho ni kipimo cha kinga yake) nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu doa likipigwa jua linazidi kuwa jeusi. Madoa yanachukua miezi, usikate tamaa wiki ya pili. Lakini kama uso unavimba, unatoa maji au haujatulia ndani ya wiki mbili nenda kituo cha afya, hata wasipokuwa na daktari wa ngozi watakuandikia rufaa.

Chakula sasa. Asubuhi unakunywa nini na mchana unakula nini?

Binti wa Mbagala
Asubuhi chai ya maziwa sukari vijiko vinne na maandazi matatu, mchana chipsi na soda maana ndio vipo karibu na kibanda. Usiku ugali na chochote.

Nesi wa Moshi
Anzia hapo. Sukari na unga mweupe vinapandisha sukari ya damu kwa kasi, mwili unamwaga insulini nyingi (homoni ya kushusha sukari ya damu) na insulini inachochea ngozi kutoa mafuta, kwa mtu mwenye chunusi inaonekana usoni. Soda badilisha maji, maandazi badilisha viazi lishe vile vya rangi ya chungwa au mihogo ya kuchemsha, vina bei hiyo hiyo. Usiku weka mchicha au matembele kwa kijiko cha mafuta maana vitamini A yake haiingii vizuri bila mafuta, na dagaa usiwadharau. Mapera ndio kabisa, pera lina vitamini C mara nne ya chungwa kwa uzito ule ule. Na limao lako usilitupe, kamulia kwenye mboga.

Bi Mkubwa Unguja
Mwanangu pole. Sisi huku bibi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa mwili, kwa singo la liwa (mti wa sandali wenye harufu nzuri), mawaridi, asumini na mrehani, lakini watu wanasahau kuwa anatiwa ndani siku zote hizo, jua halioni. Sasa wewe ukisugua singo ukatoka juani utapata nini? Uso ukishapona ukitaka liwa, nunua kijiti chenyewe usugue juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi, upake jioni ukishamaliza kazi, ukikauka unaosha. Ule unga uliokwisha sagwa usiununue, wanachanganya vitu, na ukipaka ukiona unawasha osha pale pale.

Binti wa Mbagala
Shukrani mama, shukrani dada nesi. Kile kikopo nimekitupa sasa hivi na kesho naenda na kofia ya mdogo wangu. Nitarudi hapa baada ya mwezi niwaambie.