Vyama vya «wanyonge» na wana wa wahamiaji Waarabu: mbona Amerika ya Kusini wamefika ikulu?

Mwanafunzi wa Kampemba:

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa kazi ya kumaliza masomo katika sayansi ya siasa hapa Lubumbashi. Tumezoea kusikia kwamba harakati za kipopulisti, yaani zile zinazojitangaza kuwa sauti ya mwananchi wa kawaida dhidi ya wakubwa, hupata nguvu kwa kumtupia mgeni lawama, na ndivyo Waarabu wanavyosemwa katika kampeni nyingi za Ulaya. Lakini Carlos Menem, mtoto wa wahamiaji kutoka Syria, alichukua urais wa Argentina mwaka 1989 kupitia chama cha Juan Perón, rais wa zamani wa nchi hiyo, na Abdalá Bucaram, mwenye asili ya Lebanon, akashinda Ekuador mwaka 1996. Je, harakati hizo ziliwapokea kwa kuamini kwamba taifa ni la wote, au kwa hesabu ya kura tu? Na kwa nini hapa kwetu, ambako Walebanoni wana maduka katikati ya mji, sijaona chama kinachowatafuta?

Mwalimu wa Katuba:

Ndugu mwanafunzi, anzia mikoani, usianzie Buenos Aires. Wasyria na Walebanoni walioingia Argentina tangu mwishoni mwa karne ya 19, wakiwa na hati za kusafiria za dola ya Uturuki, wengi wao walikuwa wachuuzi waliobeba bidhaa mgongoni hadi vijiji vya mbali vya La Rioja, Catamarca na Santiago del Estero. Mchuuzi akawa mwenye duka, na mwenye duka wa kijijini ndiye anayekopesha sukari na kitambaa mpaka mavuno, kwa hiyo anajua nani anadaiwa, nani ana mgonjwa nyumbani na nani amegombana na mwenye shamba. Familia za zamani zilizoshika ardhi na siasa hazikutaka kuwaona hata katika klabu zao, sembuse katika orodha ya wagombea.

Perón alipoingia madarakani mwaka 1946, nguvu yake ilikuwa kwa wafanyakazi wa viwandani. Mikoa isiyo na viwanda ilimhitaji mtu mwingine wa kumwunganisha na watu, na mtu huyo alikuwapo tayari, amefungiwa nje. Vicente Saadi, wa ukoo wa wahamiaji Waarabu, akawa gavana wa Catamarca mwaka 1949, ingawa Perón mwenyewe alimwondoa mwaka uleule. Kule Neuquén, wakati chama cha Perón kilipokuwa kimepigwa marufuku, akina Sapag, wenye asili ya Lebanon, walishiriki kuanzisha chama chao cha mkoa mwaka 1961, na baada ya demokrasia kurudi mwaka 1983 chama hicho kikatawala mkoa bila kukatika hadi mwaka 2023. Kwa hiyo sikubaliani na njia zote mbili ulizotupa. Waarabu walikuwa wachache mno kuamua uchaguzi kwa kura zao wenyewe. Walichokuwa nacho ni mtandao wa watu waliokopeshwa nao na waliowaamini.

Mama wa Kamalondo:

Asante, Mwalimu, lakini usimwachie kijana picha nzuri kupita kiasi. Serikali hiyohiyo ya Perón iliendesha kampeni dhidi ya walanguzi na wapandishaji bei, na kampeni ya namna hiyo humwangukia kwanza muuza duka mdogo. Menem naye alipita kwenye mlango uliomlazimu kuinama: alilelewa katika familia ya Kiislamu akawa Mkatoliki, na katiba ya Argentina hadi mwaka 1994 ilidai rais awe Mkatoliki. Angalieni picha zake za miaka ya themanini, mwone zile ndevu ndefu za mashavuni: alikuwa amejifananisha na Facundo Quiroga, mbabe wa kivita wa La Rioja wa karne ya 19, ili mwana wa mhamiaji aonekane mwenyeji kuliko wenyeji wenyewe. Alipofariki Februari 2021, alizikwa kando ya mwanawe katika makaburi ya Waislamu. Mimi naona katika maziko hayo kwamba chama kilimpokea mtu, si jamii yake pamoja na dini yake.

Msomaji wa Ruashi:

Mama amesema vema. Niongeze suala la sheria, maana ndilo linalojibu swali la mwisho la mwanafunzi. Argentina humpa uraia kila anayezaliwa katika ardhi yake, na tangu mwaka 1912 kura ikawa ya siri na ya lazima kwa wanaume, hivyo mtoto wa mchuuzi alikuwa mpiga kura kamili. Kwetu, Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Mfanyabiashara anayetunza pasipoti ya Lebanon hana kura, na watu hawajasahau mwaka 1973, Mobutu alipotwaa biashara za wageni na kuzigawa. Mwenye kumbukumbu hiyo hukaa mbali na jukwaa. Akiisaidia siasa, husaidia kimyakimya.

Tena Ekuador ina kisa kinachofanana na chetu. Assad Bucaram, ami yake Abdalá, alikuwa kipenzi cha maskini wa mji wa Guayaquil, na wanajeshi waliokuwa wakitawala waliposhughulikia uchaguzi wa 1978 waliweka sharti kwamba wazazi wa mgombea urais wawe Waekuador. Wazazi wa Assad walikuwa Walebanoni. Chama chake kikamsimamisha Jaime Roldós, mume wa mpwa wake, naye akashinda. Mwaka 2021 Bunge letu lilipelekewa muswada wa kuwazuia wasio na baba na mama Wakongo kugombea urais, na wengi waliona unamlenga mwanasiasa wa upinzani Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka kisiwa cha Rhodes.

Mwanafunzi wa Kampemba:

Nawashukuru sana. Swali dogo la mwisho: niiweke El Salvador ya Nayib Bukele, mwenye asili ya Palestina, katika kundi hilohilo?

Mwalimu wa Katuba:

Iweke, lakini katika sura yake yenyewe. Mwaka 2004 wagombea wawili wakuu, Tony Saca wa mrengo wa kulia na Schafik Handal wa mrengo wa kushoto, wote walikuwa wa asili ya Palestina. Bukele alipochaguliwa mwaka 2019 alikuta njia imekwisha kukanyagwa, kwa hiyo usimpe sifa ya kuifungua. Ukipata nafasi ya kulinganisha kwa undani, chukua Catamarca na Guayaquil.