Majenerali wa karne ya 19 hawakujua bunduki zimebadilika, au walijua wakapuuza?

Wakuu, kuna hoja nakutana nayo kila vita vya zamani vikitajwa, kwamba makamanda wa karne ya 19 tusiwalaumu kwa kupeleka askari bega kwa bega mbele ya bunduki mpya, eti enzi zile hakukuwa na namna nyingine. Mimi sikubali kabisa.

Tuanze na bunduki yenyewe. Ile ya zamani mtutu wake ulikuwa laini ndani, ukivuka mita 100 kumpata mtu ni bahati tu. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Mfaransa Claude-Étienne Minié akaleta risasi iliyochongoka mbele na yenye shimo nyuma, inashuka kirahisi kwenye mtutu wenye michirizi, ukifyatua inatanuka inashika ile michirizi na kutoka ikizunguka. Hapo hata mita 300 mtu anapigika.

Sasa njoo kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini dhidi ya Kusini: Fredericksburg, Virginia, Desemba 13, 1862. Jenerali Burnside wa jeshi la Kaskazini anaamrisha vijana wapande uwanja mweupe kuelekea ukuta wa mawe, nyuma ya ukuta kuna barabara iliyo chini chini na askari wa Kusini wamejaa humo, brigedi moja ikifyekwa inaletwa nyingine, nayo ikifyekwa inaletwa nyingine, mpaka giza linaingia hakuna hata moja iliyoufikia ule ukuta. Mapigano yale Kaskazini walipoteza zaidi ya watu 12,000, ukijumlisha waliokufa, majeruhi na waliopotea.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Aliyeongoza upande ule wa ukuta ni Longstreet, jenerali wa Kusini, na bosi wake Jenerali Lee naye alikuwepo, waliona wote. Miezi kama saba baadaye pale Gettysburg, Julai 3, 1863, Lee huyohuyo anataka watu kama 12,500 wavuke uwanja wazi wa zaidi ya kilomita moja, Longstreet akapinga, hakusikilizwa, na zaidi ya nusu wakauawa, wakajeruhiwa au kutekwa. Hapo mtu aniambie hawakujua?

Watetezi wao wana hoja na sizikatai. Bunduki zilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, jaribu kufanya hivyo umelala. Moshi wa baruti unafunika kila kitu, amri zinapita kwa sauti, ngoma na tarumbeta, ukiwatawanya watu huwapati tena. Halafu askari wengi hawakufundishwa kulenga mbali, kwa hiyo mara nyingi walipigana kwenye mita 100 hivi kama babu zao. Sawa.

Lakini Waprusia, yaani Wajerumani wa ufalme wa Prusia, walipopigana na Wafaransa je? Agosti 18, 1870 pale St. Privat, Ufaransa, Walinzi wa Mfalme walipanda mteremko wakiwa wamebanana vilevile mbele ya bunduki za Kifaransa za Chassepot, wakapoteza watu kama 8,000. Oktoba 30 mwaka uleule, Le Bourget karibu na Paris, Walinzi haohao wakashambulia wakiwa wametawanyika, wanakimbia kidogo wanalala, hawa wanapiga risasi wenzao wanasogea, na mji wakauchukua. Miezi miwili na nusu tu! Ni kweli bunduki zao zilijazwa kwa nyuma, mtu anajaza akiwa amelala, hiyo iliwasaidia sana, lakini hata St. Privat walikuwa nazo hizohizo. Redio hawakuwa nayo. Kilichobadilika ni amri kutoka juu, baada ya kuzika watu wengi.

Na Waingereza? Desemba 15, 1899, Colenso, Afrika Kusini, Jenerali Hart anaingiza brigedi yake imebanana kwenye kona ya mto Tugela, Makaburu wanampiga kutoka pande tatu kwa Mauser za baruti isiyo na moshi, hata walipo hawaonekani. Hiyo ni miaka 29 baada ya St. Privat, na bunduki za Waingereza wenyewe zilikuwa za kisasa zinazojazwa kwa nyuma, kwa hiyo kisingizio cha kushindilia hakipo. Anayesema hakukuwa na namna nyingine anieleze Colenso kwanza, ndiyo turudi kwa Lee na Burnside.