Waliowaona kwa karibu: askari na wakubwa wa vita vya Kongo, 1996–2003. Tupeane uzoefu

Mleta mada, Ujiji

Wakuu, habari za jioni. Kila mada ya vita vya Kongo huishia kwenye madini na nani alimtuma nani. Huu naomba uwe uzi wa waliokuwepo: mliowauzia chakula, mliofundishwa nao, mliolala nao chumba kimoja, mliovaa sare wenyewe. Siasa mtaikuta kwingine.

Naanza. Kwa wazee wa Kigoma jina la Kabila halikuanza mwaka 1996. Che Guevara alipitia hapa Aprili 1965 kwenda kupigana upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, na wale wapiganaji wa Fizi walikuwa watu wa kina Kabila. Novemba mwaka huohuo Che akavuka kurudi, amekata tamaa. Halafu Mei 1975 watu wa Kabila wakavuka usiku wakateka watafiti wanne pale Gombe. Mzee wangu aliyajua yote hayo. Kwa hiyo redio iliposema Oktoba 1996 kwamba msemaji wa waasi wa AFDL, waliokuwa wakimpinga Rais Mobutu, ni Laurent Kabila, aliweka kikombe chini akauliza, "Yule yule?" Miezi saba baadaye yule yule alikuwa rais.

Mimi ninachokumbuka zaidi ni Kibirizi, wakati maboti ya wakimbizi yanaingia. Alishuka mheshimiwa mmoja wa serikali ya Mobutu kutoka upande wa Uvira, kavaa koti la suti, suruali imelowa mpaka magotini. Mkononi ana mkoba wa ngozi. Kwenye foleni ya kuandikishwa, zamu yake ilipofika, akafungua mkoba na kutoa mihuri ya ofisi yake, mitatu, akaipanga mezani ili aliyekuwa akiandika ajue anaongea na nani. Kijana wala hakuitazama. Akamuuliza, "Mko wangapi kwenye familia?" Mzee akajibu, akairudisha mihuri mmoja mmoja, akaenda kupokea blanketi.

Karibuni.

Mama Bukavu

Asante kwa kutukumbuka na sisi. Marehemu mume wangu alikuwa askari wa FAZ, jeshi la Mobutu, tulikaa kambi Saïo. Watu wanasema askari wa Mobutu walikuwa wezi. Sibishi. Lakini ulizeni mishahara yao ilikuwa inafika lini, na ikifika inanunua nini. Januari 1993 kule Kinshasa walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano, wafanyabiashara wakazikataa, mji ukaporwa na hata balozi wa Ufaransa akauawa. Huku kwetu jeshi lililishwa na wake zao. Mimi nilipika bugali na sombe, nikauza na ndagala kwa mafungu, na walaji wangu wengi walikuwa maafisa wanaokula kwa deni. Daftari la madeni ya meja mmoja nilikuwa nalo mpaka vita vinaingia.

Mwisho wa Oktoba 1996, AFDL wanakaribia, wakubwa wote wa kijeshi waliondoka kabla yetu. Aliyebaki mjini ni Askofu Mkuu Munzihirwa. Alikuwa ameandika barua nyingi nje kuomba msaada, na bado alikuwa akizunguka kutuliza watu. Tarehe 29 aliuawa pale Nyawera. Nikisikia "watu mashuhuri wa vita" ninamfikiria yeye kwanza, kisha aliyemfuata, Askofu Mkuu Kataliko. Huyo waasi wa RCD, wale wa vita vya pili waliosaidiwa na Rwanda, walimzuia asirudi Bukavu mwaka 2000, wakampeleka Butembo miezi saba kwa sababu ya barua yake ya Krismasi. Siku aliporudi tulitandika vitenge barabarani. Wiki chache tu, akafia Roma.

Mume wangu alivua sare usiku ule wa 29. Nikaichoma kwenye jiko la makaa nyuma ya nyumba. Nguo iliungua vizuri, vifungo vya chuma vikagoma. Asubuhi nikavichambua kwenye majivu kimoja kimoja nikavitumbukiza chooni, maana walioingia walikuwa wanapekua hata majivu.

Kadogo mstaafu

Mama, jambo. Mimi nilikuwa upande wa pili, katika wale walioingia: askari watoto wa AFDL, walituita kadogo. Nilijiandikisha Bukavu Novemba 1996, nikiwa na miaka 14. Hakuna aliyenishika kwa nguvu. Shule zimefungwa, na wenzangu wa mtaani walirudi na bunduki wakawa wanaitwa "afande" na watu wazima. Ndiyo sababu yote, sina nyingine ya maana zaidi.

Mazoezi ilikuwa fimbo na maharage. Kisha miguu. Watu wanadhani vita ile ilikuwa mapigano kila siku. Kwa sisi ilikuwa kutembea. Jeshi la Mobutu lilikuwa linakimbia mbele yetu, sisi tunafuata na mabuti yetu ya mpira yale marefu ya shambani. Mabuti hayo mvua hayaogopi ila jua likiwaka mguu unapikika ndani. Tulikuwa tunajaza majani ya mgomba. Kisangani tuliingia Machi, Kinshasa Mei 17. Watu wa Kinshasa walitushangilia wakatuletea mikate, na walicheka mabuti yetu na Kiswahili chetu, maana mji ule ni wa Kilingala.

Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, Agosti 1998, Kabila amegombana na Wanyarwanda waliomleta. Wao wakaruka na ndege mpaka kambi ya Kitona, magharibi kabisa mwa nchi, wakashika bwawa la Inga, Kinshasa ikawa giza. Sasa Kiswahili hichohicho cha mashariki kikawa hatari mtaani, watu wanachomwa kwa matairi kwa kushukiwa. Mimi ninalinda ghala la serikali, nimevaa sare ya serikali, na sifungui mdomo sokoni. Nilikuwa nanunua vitu kwa kuonyesha kidole.

Mzee Kabila alipopigwa risasi na mlinzi wake, Januari 16, 2001, kadogo wa kikosi chetu tulinyang'anywa silaha. Mlinzi alikuwa mmoja wetu.

Mlimani ya zamani

Nami niongeze kidogo. Tuliosoma historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulifundishwa na Profesa Wamba dia Wamba. Mtu wa vitabu, alikuwa anapenda kueleza baraza la Kikongo liitwalo mbongi, ambako watu wanakaa kuzungumza mpaka waelewane. Agosti 1998 tunasikia ndiye kiongozi wa RCD! Tulidhani wamekosea jina. Kufika Mei 1999 wenzake wakamwondoa, yeye akiwa Kisangani na kundi lake. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana mjini humohumo siku sita, yakaua mamia ya raia. Mwalimu wa mazungumzo katikati ya watu wenye mizinga. Wapo waliomwona msaliti. Mimi naona alidhani bunduki za wengine zitamngoja amalize hoja.

Mvuvi wa Kibirizi

Mkuu wa Mlimani, huyo ni msomi wenu, mnamtetea kwa lugha nzuri. Sisi maiti za ziwani hazikutueleza hoja ya nani.

Mlimani ya zamani

Nimekusikia kaka. Sitetei.

Mama Bukavu

Kadogo, mwanangu, swali moja. Vita vilipoisha walikupa nini?

Kadogo mstaafu

Mama, nilitoka jeshini mwaka 2005 kwa mpango wa kuwarudisha askari uraiani. Picha, alama za vidole, kitambulisho, dola 110 za kuanzia, na 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Aliyekuwa anajaza fomu aliniuliza kazi niliyokuwa nafanya kabla ya jeshi. Nikamwambia darasa la sita. Hakukuwa na sehemu ya kuandika hivyo, akaandika "mkulima". Tukachanga watatu tukanunua pikipiki, mpaka leo ni motari Bukavu.

Mleta mada, kwa kuwa uko Kigoma: mwenzangu mmoja wa kikosi alikuwa wa Mboko. Alifia Kinshasa 1998. Mama yake na wadogo zake walivuka ziwa, nikasikia wako kambi ya Lugufu. Nina ujumbe wake. Nitawapataje?

Mleta mada, Ujiji

Lugufu ilifungwa 2009, wengi walihamishiwa Nyarugusu, na wengine wameshapelekwa Marekani. Nina ndugu anafundisha kule kambini. Usiandike jina hapa, nitumie pembeni, pamoja na jina la baba na kijiji.

Wengine endeleeni.