RSI ikivuka 70 nauza, bei inazidi kupanda. Wakuu, nakosea wapi?

Mshumaa_Mwekundu

Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimyakimya humu kwa muda mrefu, leo imebidi nifungue uzi maana maji yamenifika shingoni.

Natumia RSI ya 14 (indiketa, yaani kipimo, ya nguvu ya mwendo wa bei kwa mishumaa 14) kwenye chati ya saa 1, kila mshumaa ukiwa mwendo wa bei wa saa moja, jozi ya euro na dola. Kanuni yangu ni moja tu: ikivuka 70 soko limenunuliwa kupita kiasi, nauza, yaani nabeti bei itashuka. Ikishuka chini ya 30 limeuzwa kupita kiasi, nanunua. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikuwa shwari, nikajiona nimeshahitimu.

Wiki iliyopita nikauza RSI ikisoma 73. Ikapanda 76, nikaongeza oda ya pili, maana kama 73 ilikuwa juu, 76 si ndiyo juu zaidi? Ikafika 81, nikaongeza ya tatu. Baadaye ikaanza kushuka, 75, 70, 64, nikapumua. Kufungua akaunti, hasara imekua! RSI imeshuka na bei imepanda. Hapo ndipo nilipochoka.

Stop losi (oda ya kufunga biashara hasara ikifika kiwango) sikuweka, najua, msinipige mawe. Oda ya kwanza dalali ameifunga mwenyewe baada ya dhamana kukauka, mbili bado ziko wazi. Akaunti imebaki kama theluthi.

Tatizo ni indiketa au ni mimi? Nafikiria kuongeza Stokastiki na Williams %R, zote tatu zikikubaliana ndipo niingie. Mnaonaje?

Kobe_Sokoni

Pole mkuu. Kuongeza oda juu ya hasara bila stop losi hakuhitaji indiketa, kunahitaji maombi. Wenye darasa wanakuja, kaa mkao wa kula.

Fundi_Chati

Kaka, shika kalamu tuhesabu, maana watu wengi wanaiangalia RSI miaka na miaka bila kujua inajumlisha nini.

Chukua mishumaa 14. Kila mshumaa uliofunga juu ya ule uliotangulia, andika umepanda pipsi ngapi (hatua ndogondogo za bei), kisha jumlisha. Tuseme umepata 84. Fanya hivyohivyo kwa iliyofunga chini, umepata 36. Mwendo wote ni pipsi 120. Gawa 84 kwa 120, zidisha kwa 100: RSI yako ni 70. Hakuna uchawi mwingine humo ndani. Ukiona 70, umeambiwa kwamba katika kila pipsi 10 soko lilizotembea, 7 zilikwenda juu. Hesabu hiyo haiulizi popote kama bei ni ghali.

Sasa soko litembee mishumaa mingine 14 kwa uwiano uleule, 84 kwa 36. RSI itasoma 70 palepale, na bei itakuwa imepanda pipsi 48 nyingine. Linaweza kukaa hivyo siku nzima, wewe uko upande wa pili unasubiri lichoke.

Halafu hili lililokuchosha. Mwendo upoe kidogo, juu 66, chini 44. RSI inakuwa 60. Imeshuka pointi 10, sivyo? Lakini toa 44 kwenye 66: bei imepanda pipsi 22. Ndicho kilichokukuta ilipotoka 81 kwenda 64. RSI ilikuwa inakwambia wanunuzi wamepunguza mbio, wewe ukasikia wamegeuza.

(Kwenye chati yako namba hazitalingana sawasawa na hizi zangu. Welles Wilder, aliyeitoa RSI mwaka 1978, alilainisha wastani: unachukua wastani uliopita mara 13, unaongeza mshumaa mpya, unagawa kwa 14. Kwa hiyo mishumaa ya nyuma haifutiki ghafla, inafifia polepole.)

Mshumaa_Mwekundu

Mimi ni dada 😅 lakini asante sana, hiyo ya 66 na 44 nimeirudia mara tatu kwenye karatasi. Kwa hiyo maneno "kununuliwa kupita kiasi" ni ya uongo?

Fundi_Chati

Samahani dada yangu. Si ya uongo, ila yanapotosha. Mimi nikiona 75 najisomea "wanunuzi wana nguvu". Ukilisoma hivyo, kuuza hapo kunaanza kukutia mashaka kabla hujabonyeza.

Mama_Pipsi

Naomba nigusie ile ya kuongeza indiketa, maana hapo ndipo anapojichimbia shimo la pili.

Stokastiki inauliza: ndani ya mishumaa 14, bei imefunga sehemu gani kati ya kilele (bei ya juu kabisa) na shina (ya chini kabisa)? Kilele 1.0900, shina 1.0800, bei 1.0885, basi inasoma 85. Williams %R inauliza swali lilelile kuanzia juu: hapohapo itasoma -15. Chukua Stokastiki ya haraka, toa 100, umepata Williams %R. Yaani ni kumuuliza mtu, kisha ukakiuliza kivuli chake, halafu useme una mashahidi wawili. Na RSI nayo inakula chakula kilekile, bei za kufunga za mishumaa ileile. Wiki iliyopita mwanangu zote tatu zingekubaliana vizuri kabisa, na ungeweka loti (kiasi cha biashara) kubwa zaidi kwa sababu ya hiyo imani.

Na Stokastiki ina mtego wake. Soko likilala, kilele na shina vikiachana pipsi 10 tu, bei ikafunga pipsi 9 juu ya shina, inasoma 90. Mstari umegonga dari na soko halijaenda popote. Ndiyo maana wanaoanza huona ishara kila baada ya dakika chache.

Ukitaka shahidi wa pili, tafuta anayeangalia kitu kingine. Indiketa ya ADX, kwa mfano, haijali juu wala chini, inapima trendi, yaani mwelekeo wa soko, ina nguvu kiasi gani. Imetoka kwa Wilder huyohuyo, mwaka uleule wa 1978. Watu wamemchukua mtoto mmoja wakamwacha mwenzake mlangoni.

Bosi_Signo

Mnateseka bure wadau. Kundi langu la signo (nawaambia lini mnunue na muuze) ushindi asilimia 95, njooni faragha.

Kobe_Sokoni

Hiyo 95 imeshanunuliwa kupita kiasi mkuu, tunasubiri ishuke.

Nzige_wa_Renji

Ngoja niwapinge kidogo, maana mnamtisha dada wa watu aitupe RSI. Mimi naishi kwa 70 na 30 na sina ugomvi nazo. Ila naishi nazo kwenye renji tu.

Renji kwangu ni hivi: bei imegonga juu angalau mara mbili ikarudi, imegonga chini angalau mara mbili ikarudi, na ADX iko chini ya 20. Hapo RSI ikivuka 70 naamka, lakini siuzi. Nataka mambo mawili. Kwanza bei iwe kwenye rezistensi yenyewe, pale juu inapogonga na kurudi, si katikati ya hewa. Pili RSI itoke juu ya 70 na irudi chini yake, mshumaa ukiwa umefunga. Kufunga, nasisitiza. Mshumaa wa saa 1 ukiwa umebakiza dakika 20 kufunga, RSI inaweza kusoma 69, na ukifunga ikasoma 74. Nimeliwa na hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Stop losi naiweka juu ya kilele, natoa nafasi ya spredi (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza). Faida naanza kuvuna katikati ya renji, sisubiri upande wa pili wote.

Renji ikivunjwa naondoka. Sibishani. Mshumaa ukifunga nje ya rezistensi na ADX inanyanyuka, ile 70 iliyokuwa mlango wa kuuza imegeuka dalili kwamba treni imeondoka.

Mshumaa_Mwekundu

Na kama ni trendi, RSI haina kazi kabisa?

Mama_Pipsi

Ina kazi, mistari ndiyo inahama. Kwenye trendi ya kupanda RSI mara nyingi hushuka mpaka 40 au 50 hivi kisha inageuka. Ukisubiri 30 ndipo ununue, utasubiri mpaka trendi iishe, na ikifika 30 kweli huenda ndiyo imeisha. Kwenye kushuka ni kinyume, ikijaribu kupanda huishia karibu na 60 inaanguka tena. Mimi kwenye trendi ya kupanda eneo la 40 hadi 50 ndilo ninalolichungulia, 70 siigusi.

Upande wa 30 wengi hawauogopi kwa sababu bei "imeshashuka sana". Tazameni chati ya mafuta ghafi ya 2014. Katikati ya mwaka pipa lilikuwa juu ya dola 100, Januari 2015 likawa chini ya 50, na mwanzoni mwa 2016 likaingia chini ya 30. Aliyenunua pale 80 kwa sababu limeuzwa kupita kiasi alikuwa na njia ndefu ya kulia.

Karani_wa_Chati

Na daivajensi je? Bei inapanda kilele kipya, RSI inapiga kilele cha chini. Mbona hamjaitaja, si ndiyo ishara bora?

Fundi_Chati

Ni ile hesabu ya 66 na 44 mkuu, umeichora tu. Mbio zimepungua. Trendi nzuri inaweza kutoa daivajensi tatu mfululizo na ikaendelea na safari. Mimi ikitokea nasogeza stop losi karibu kama nimo ndani. Kuingia kinyume nasubiri bei ivunje shina lake la mwisho.

Bendi za Bollinger, ile mistari inayoizunguka bei juu na chini, nazo ni hivyohivyo, kabla hajaja wa kuziuliza. Bei kugusa bendi ya juu si amri ya kuuza, na John Bollinger mwenyewe, aliyezibuni, amelisema hilo mara nyingi. Kwenye trendi kali bei inatembea juu ya bendi kama siafu ukutani.

Mshumaa_Mwekundu

Nimerudi. Nimeweka ADX nikaipitia miezi yangu yote. Wakuu, nimeona aibu. Ile miezi miwili ya ushindi soko lilikuwa linadunda kati ya mistari miwili, ADX 14, 17, 19. Nikafikiri ni akili yangu. Wiki iliyopita bei ilifunga juu ya rezistensi asubuhi, masaa manne kabla sijaingia, na oda yangu ya tatu niliiweka ADX ikisoma 34.

Sasa zile oda mbili zilizo wazi. RSI leo asubuhi ilishuka 52, nikawaza labda nisubiri kidogo bei irudi nipunguze maumivu.

Nzige_wa_Renji

ADX ngapi?

Mshumaa_Mwekundu

38.

Mama_Pipsi

52 ndani ya trendi ya kupanda. Rudi kasome nilichoandika kuhusu 40 na 50, kisha niambie wanunuzi wanasubiri wapi.

Mshumaa_Mwekundu

Nimefunga zote mbili. Imeuma.

Mshumaa_Mwekundu

Jioni hii RSI ni 72. Sijagusa kitu.