Patisheni kuu imejaa kabisa, lakini mafaili yaliyoijaza hayaonekani

Mtunza_Sauti (Bagamoyo)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu seva ndogo iliyomo katika chumba chetu cha kurekodia hapa Bagamoyo, ambamo tunahifadhi ngoma na mazungumzo ya wazee wa Kikwere, Kizaramo na Kidoe. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki na sauti zao hazitapatikana tena kwingine, kwa hiyo sitaki kugusa kitu chochote kabla ya kuelewa kinachoendelea.

Seva inatumia Debian 12. Mfumo umo kwenye diski ya SSD, na sauti zimo kwenye diski ya pili ya 2 TB yenye mfumo wa mafaili wa ext4, inayopachikwa, yaani kuunganishwa, kwenye saraka (folda) ya `/srv/sauti`. Kila usiku skripti ya rsync (programu ya kunakili mafaili) hukusanya rekodi kutoka kwenye kompyuta mpakato za warekodiji na kuziweka humo, kisha warekodiji hufuta nakala zao ili kupata nafasi. Mwanzoni mwa mwezi umeme ulikatika ghafla, na uliporudi seva iliwaka yenyewe bila kulalamika. Baada ya siku kadhaa mwenzangu alitafuta rekodi za zamani akazikosa. Fundi aliyekuja aliipachika diski kwa mkono, rekodi zikaonekana, nasi tukaendelea na kazi.

Sasa patisheni kuu, yaani sehemu ya SSD yenye mfumo, imejaa. Hifadhidata yenye orodha ya rekodi haiwaki, na kila programu inajibu `No space left on device`. Amri ya `df -h` inaonyesha hivi:

```
Filesystem  Size  Used  Avail  Use%  Mounted on
/dev/sda2    59G   56G      0  100%  /
/dev/sdc1   1.8T  1.1T   615G   65%  /srv/sauti
```

Lakini `du -xsh /` niliyoiendesha kama root (mtumiaji mkuu) inanipa 13G tu. Gigabaiti 43 zimekwenda wapi? Fundi anashauri tuendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili, na ikishindikana tuifomati SSD na kusakinisha mfumo upya, kwa kuwa "sauti zote zimo kwenye diski ya pili". Je, ushauri huo ni salama?

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Dada Mtunza, nakuomba kwa dhati usiifomati SSD hiyo, na wala usiendeshe fsck kwa sasa. Kujaa kwa patisheni si ugonjwa wa mfumo wa mafaili, na fsck haitafuti nafasi iliyopotea kwa maana unayoitaka wewe. Zaidi ya hayo, fsck inayorekebisha patisheni ambayo bado imepachikwa na inaandikwa inaweza kuiharibu patisheni iliyokuwa nzima.

Tofauti kati ya `df` na `du` ina maelezo yake. `df` huuliza mfumo wa mafaili wenyewe ni bloku (vipande vya nafasi ya diski) ngapi zimetumika, ilhali `du` hutembea saraka kwa saraka na kujumlisha kile inachokiona. Kwa hiyo tunatafuta kitu kinachokalia bloku lakini hakionekani na anayetembea. Mara nyingi huwa ni faili lililofutwa huku programu fulani bado imelishikilia wazi, na hilo utalibaini kwa `lsof +L1`. Angalia pia `df -i`, kwa sababu inodi (kila faili huhitaji moja) zikiisha ujumbe ni uleule wa kukosa nafasi hata kama bloku zipo, ingawa kwa takwimu zako sidhani kama ndiko tatizo liliko. Ile asilimia 5 ambayo ext4 huitengea root kwa kawaida ndiyo inayofanya 56G kati ya 59G ionekane kama asilimia 100, lakini haiwezi kueleza gigabaiti 43.

Ninachokishuku mimi ni kingine. Diski inapopachikwa kwenye saraka, haiondoi vilivyokuwemo ndani ya saraka hiyo, bali huvifunika, kama mkeka uliotandikwa juu ya vitu vilivyoachwa sakafuni. Umeme uliporudi diski ya pili haikupachikwa, lakini saraka ya `/srv/sauti` ilibaki pale ikiwa tupu, ikiwa sehemu ya SSD. Skripti yako ilifika usiku, ikakuta saraka ipo, ikaandika. Iliendelea kuandika kwenye SSD kila usiku hadi fundi alipoipachika diski na kuyafunika mafaili hayo yote. Ndiyo maana `du` haiyaoni.

Kama nimekisia sawasawa, rekodi za siku zile hazimo kwenye diski ya pili, na kwa kuwa warekodiji wameshafuta nakala zao, nakala pekee iliyobaki duniani iko kwenye SSD ambayo umeshauriwa uifomati.

Zima kwanza skripti ya usiku, kisha tazama chini ya kifuniko bila kuondoa diski:

```
mount --bind / /mnt
du -xsh /mnt/srv/sauti
ls -l /mnt/srv/sauti
```

Upachikaji wa namna hii huonyesha patisheni kuu peke yake, bila diski zilizopachikwa ndani yake. Leta majibu hapa kabla ya kufuta hata faili moja.

Mtunza_Sauti (Bagamoyo)

Mwalimu, Mungu akubariki. `lsof +L1` haikuonyesha kitu cha maana, na inodi zilizotumika ni chache. Lakini `du` kwenye `/mnt/srv/sauti` imetoa 43G. Nimefungua orodha na kukuta humo mdundiko tuliourekodi wakati ule, na mazungumzo marefu na bibi mmoja wa Kaole ambayo kila mmoja wetu alidhani yamo kwenye diski kubwa. Nimetafuta kwenye `/srv/sauti` ya sasa, na hayamo.

Nataka kuyahamisha, lakini kuna tatizo. Kinasa sauti chetu huanza kuhesabu upya kila kadi inapofomatiwa, kwa hiyo kuna `REC0001.wav` pande zote mbili, na hazilingani kwa ukubwa. Pia faili la `orodha.csv` lipo pande zote, na kila upande lina mistari yake. Nifanyeje ili kimoja kisikifute kingine?

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Usijaribu kuzichanganya sasa. Kuokoa na kupanga ni kazi mbili, na ya kwanza haipaswi kusubiri wala kuharibiwa na ya pili. Nakili kila kitu kwenye saraka mpya ndani ya diski kubwa, ambayo ina nafasi ya kutosha:

```
rsync -a /mnt/srv/sauti/ /srv/sauti/zilizookolewa/
rsync -anci /mnt/srv/sauti/ /srv/sauti/zilizookolewa/
```

Amri ya pili hainakili chochote. Inalinganisha maudhui ya kila faili pande zote mbili na kutaja yanayotofautiana, na isipoandika kitu, nakala imekamilika. Itachukua muda kwa sababu inasoma gigabaiti zote 43 mara mbili, lakini muda huo ndio unaokupa haki ya kufuta. Ukiwa na diski ya nje, weka nakala nyingine humo kabla ya hatua inayofuata.

Unapofuta, futa kwenye `/mnt/srv/sauti` na si kwenye `/srv/sauti`. Majina hayo mawili yanafanana mno kwa mtu aliyechoka, kwa hiyo fanya kazi hii asubuhi. Thibitisha kwa `findmnt /mnt` kwamba upachikaji bado upo, kisha:

```
find /mnt/srv/sauti -xdev -mindepth 1 -delete
chattr +i /mnt/srv/sauti
```

Mstari wa mwisho unaifunga saraka iliyo chini ili hata root asiweze kuandika ndani yake. Diski ikipachikwa juu yake itafanya kazi kama kawaida, lakini siku isipopachikwa, rsync itapata kosa papo hapo badala ya kuandika kimyakimya mahali pasipo pake. Ukimaliza, `umount /mnt`.

Mkaazi_wa_Raskazone (Tanga)

Naunga mkono yote aliyoyasema Fundi_Ngamiani, lakini hatujajibu swali la kwanza, yaani kwa nini diski haikupachikwa. Dada, katika `df` yako diski ya sauti inaitwa `/dev/sdc1`. Je, `/etc/fstab`, faili linalotaja diski za kupachikwa wakati wa kuwasha, nalo linasema hivyo? Seva yenye diski mbili tu kwa kawaida ingekuwa na sda na sdb. Herufi ya tatu imetoka wapi? Tuletee mstari husika wa fstab, matokeo ya `lsblk -f`, na kumbukumbu za siku ile kwa kutumia `journalctl --list-boots` na `journalctl -b` ikifuatiwa na namba ya uwashaji huo.

Mtunza_Sauti (Bagamoyo)

Mstari wa fstab uliowekwa na aliyetusimikia seva unasema `/dev/sdb1 /srv/sauti ext4 defaults,nofail 0 2`. Katika `lsblk`, sdb ipo lakini ukubwa wake ni 0B na haina patisheni. Kumbukumbu za siku ile zina maneno haya: `Timed out waiting for device /dev/sdb1`, na chini yake `Dependency failed for /srv/sauti`. Sasa nimeelewa kwamba sdb ni kisoma kadi cha USB tulichokinunua hivi karibuni, ambacho hukaa kimechomekwa wakati wote.

Mkaazi_wa_Raskazone (Tanga)

Basi chanzo ndicho hicho. Herufi za sda, sdb na sdc si majina ya kudumu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, huzigawa kadiri inavyogundua vifaa, na diski ya sahani zinazozunguka, inayoanza kutoka kwenye ubaridi baada ya umeme kurudi, inaweza kutanguliwa na kifaa kidogo cha USB. Kisoma kadi kisicho na kadi nacho hupewa herufi. Kikachukua sdb, diski yako ikawa sdc, systemd (programu inayoziwasha huduma za mashine) ikasubiri sdb1 kwa sekunde 90, ikakata tamaa, huku kwa sababu ya `nofail` mashine ikiendelea kuwaka bila kuisubiri, kana kwamba hakuna kilichopungua.

Chukua UUID (utambulisho wa pekee) ya patisheni kwa `blkid /dev/sdc1`, ambayo imeandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe na haibadiliki kwa kuchomeka wala kuchomoa vifaa, kisha andika:

```
UUID=<uuid-yako> /srv/sauti ext4 defaults,nofail 0 2
```

Baada ya hapo endesha `systemctl daemon-reload` na `findmnt --verify`, ambayo hukagua fstab kabla haijakutia matatani wakati wa kuwasha.

Najua wapo watakaosema uondoe `nofail` ili mashine igome kuwaka bila diski. Mimi sikubaliani nao kwa seva ya aina hii. Bila neno hilo, diski ikikosekana mashine itaishia kwenye hali ya dharura, huduma ya ssh (ya kuingia kwa mbali) haitawaka, na itabidi mtu aende na skrini na kibodi hadi chumbani. Ulinzi uwekwe kwenye kazi inayoandika, si kwenye mashine nzima. Mwanzoni mwa skripti ya rsync ongeza mstari huu:

```
mountpoint -q /srv/sauti || exit 1
```

Na kama huduma ya hifadhidata inasoma kutoka humo, ongeza `RequiresMountsFor=/srv/sauti` katika sehemu ya `[Unit]` ya faili lake la systemd.

Jambo la mwisho ni afya ya diski, kwa sababu imekatiwa umeme ikiwa inafanya kazi. Jonali ya ext4, yaani daftari lake la mabadiliko, hulinda mpangilio wa mfumo wa mafaili, lakini haiahidi kwamba maudhui yaliyokuwa yakiandikwa dakika ile yamefika salama. Siku ambayo hakuna anayeitumia, iondoe kwa `umount /srv/sauti`, kisha endesha `e2fsck -f -n` kwenye patisheni hiyo. Herufi `n` inaizuia kubadilisha kitu, inakagua na kuripoti tu. Halafu tuletee `smartctl -A /dev/sdc`, hasa mistari ya 5, 197, 198 na 199, inayohesabu sekta mbovu na makosa ya usafirishaji wa data.

Mtunza_Sauti (Bagamoyo)

Nakala imekamilika na ulinganisho haukutoa mstari hata mmoja. Nimeweka nakala ya pili kwenye diski ya nje, kisha nikafuta. Patisheni kuu sasa iko 24%, na hifadhidata imewaka. `e2fsck` haikuona kasoro. Katika `smartctl`, 5, 197 na 198 zote ni sifuri, ila 199 ina namba kubwa.

Fundi_Ngamiani (Tanga)

Sifuri kwenye 197 na 198 maana yake diski haina sekta inazoshindwa kuzisoma kwa sasa, na hiyo ni habari njema. Namba 199 huhesabu makosa yanayotokea data inaposafiri kati ya diski na ubao mama, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni kebo ya SATA au viunganishi vyake, na sisi tunaoishi pwani tunajua hewa ya chumvi inavyokula shaba. Badilisha kebo. Hesabu hiyo hairudi sifuri, kwa hiyo iandike mahali na uangalie kama inapanda tena. Isipopanda, kebo ndiyo iliyokuwa mbaya.

Mtunza_Sauti (Bagamoyo)

Kebo imebadilishwa, na tangu hapo namba ya 199 haijasogea. Nimeizima na kuiwasha seva kisoma kadi kikiwa kimechomekwa: diski imepewa herufi ya sdc tena, na `/srv/sauti` imepachikwa kwa UUID bila shida. Rekodi zenye majina yanayogongana nimeziacha ndani ya `zilizookolewa`, na mwenzangu ameanza kuzisikiliza moja baada ya nyingine ili kuzipa majina yenye tarehe na kijiji. Ya bibi wa Kaole ndiyo aliyoanza nayo.